Fizi: Kabla ya kuuza kofia ya babu, tazama kwanza ndani yake

BARAKA, Kivu Kusini. Balo la nguo za mitumba likikatwa kamba sokoni, watu hukimbilia kwanza mashati, suruali na majaketi. Kofia hubaki chini, zimefinyangwa na uzito wa nguo zilizokaa juu yake tangu bandarini. Mara moja moja, ndani ya lundo hilo hutoka kofia ya fetri: kijivu au kahawia, ukingo umepinda, utepe umefifia. Kijana huijaribu, hucheka na wenzake, huirudisha. Mzee aliyesimama nyuma yake huiokota. Haivai kwanza. Huigeuza na kusoma ndani.

Kusoma ndani ndiko kunakomtenga mnunuzi wa kofia na mpenzi wa kofia. Kwa nje, kofia mbili zinaweza kufanana kama mayai. Ndani, moja inaweza kuwa ya mwaka jana na nyingine ikawa na umri kuliko Uhuru wa Congo.

Katika Fizi, kofia za namna hii haziko sokoni tu. Ziko pia majumbani, kutoka Mboko hadi Kazimia na huko rasi ya Ubwari. Zimetundikwa kwenye msumari ukutani, au zimewekwa juu ya kabati la mzee aliyekwisha kufariki. Watu huziita shapo ya mzee, chepeo, pama, au kwa kifupi borsalino, hata kama hazikutengenezwa na kampuni ya jina hilo. Na kila mwaka baadhi yao hutupwa, huliwa na nondo, hupewa watoto wachezee, au huuzwa kwa bei ya sahani ya ndagala. Wanaoziuza mara nyingi hawajui walichokuwa nacho.

Kofia ilikuwa cheo kabla ya fetri

Mtu akidhani kwamba heshima ya kofia ililetwa na Wazungu, historia ya eneo hili inamkatalia. Kwa Warega, na kwa Wabembe pia, kulikuwa na chama cha Bwami, kilichowapandisha watu ngazi kwa ngazi kwa mafundisho, malipo na mwenendo mwema. Aliyepanda ngazi alitambuliwa kwa vitu alivyovaa na kushika, na kofia ilikuwa kati ya vitu hivyo. Kofia za Bwami zilifumwa kwa nyuzi, zikapambwa kwa simbi, vifungo, manyoya na hata mkia wa tembo. Haikuwa kofia ya kununua tu. Ilikuwa lazima mtu aistahili.

Utawala wa Wabelgiji haukupenda nguvu ya chama hicho, na mwaka 1948 ukakipiga marufuku. Kofia nyingi za Bwami leo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, zimewekwa nyuma ya kioo. Mjukuu wa aliyeivaa hulipa tiketi ili aione, kama akibahatika kupata viza.

Hilo ndilo funzo la kwanza kwa wenye kofia za fetri. Kitu kinachoonekana cha kawaida leo kinaweza kutoka nyumbani kwa bei ndogo, na kurudi kwake kukawa jambo lisilowezekana.

Kofia ya fetri ilifika pwani hizi kwa njia ileile ya vitu vingine: ziwa. Kabla ya reli na barabara, Ziwa Tanganyika ndilo lililobeba vitambaa, shanga, chumvi na habari kati ya Ujiji na upande wetu. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone huko Ujiji, alivua kofia kwanza kabla ya kusema neno, na Livingstone akainua yake kidogo. Kisha wote wawili wakapanda mtumbwi kuelekea kaskazini, hadi mdomo wa mto Rusizi. Kuvua kofia mbele ya mtu unayemheshimu, au ukiingia kanisani, ni adabu iliyoenea baadaye hadi vijijini. Hadi leo mzee mwenye kofia akiingia msibani utaona mkono wake unapanda kichwani kabla hajatoa salamu.

Jina limetoka jukwaani

Kofia inayozungumzwa hapa ina ukingo unaokunjika, kichwa kilichobonyezwa katikati kwa urefu na kufinywa mbele pande mbili, na utepe unaozunguka chini ya kichwa. Ulimwengu unaiita fedora. Jina hilo lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Mfaransa Victorien Sardou, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1882, ambamo mwigizaji maarufu Sarah Bernhardt alikuwa binti mfalme aitwaye Fédora. Kwa hiyo kofia inayohesabiwa leo kuwa ya wanaume ilipata jina lake kwa mwanamke.

Viwanda vyenyewe ni vya zamani kuliko jina. Giuseppe Borsalino alifungua karakana yake mwaka 1857 katika mji wa Alessandria, Italia. Nchini Marekani, John B. Stetson alianza yake huko Philadelphia mwaka 1865. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mwanaume wa mjini huko Ulaya na Marekani hakutoka nyumbani bila kofia. Kuanzia miaka ya 1960 desturi hiyo ikapungua sana, na viwanda vingi vikafungwa. Hata Borsalino yenyewe ilitangazwa kufilisika mwaka 2017 kabla ya kupata wenye mali wapya.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya thamani ya kofia za zamani. Zilitengenezwa wakati kazi hiyo ilikuwa na mafundi wengi na ushindani mkali. Sehemu ya mashine na ya ujuzi huo haipo tena.

Manyoya, mvuke na zebaki

Fetri haifumwi kama kitambaa cha shati. Ni manyoya yaliyoshikamana yenyewe. Kiwandani, manyoya ya sungura, au ya biva, mnyama wa mtoni wa nchi za baridi, hupulizwa na kunyonywa juu ya pia kubwa yenye matundu mpaka yakae kama ukungu mzito. Kisha humwagiwa maji ya moto, hukandwa na kushindiliwa mara nyingi. Kila mara pia hiyo hupungua na kukaza, mpaka ile iliyokuwa kubwa kama kikapu inakuwa ya kutosha kichwa cha mtu. Hapo ndipo hutiwa rangi, huvutwa juu ya kalibu ya mbao kwa mvuke, husuguliwa iwe laini, hushonewa utepe, bitana na mkanda wa ngozi wa ndani.

Kuna fetri ya aina ya pili, ya sufu ya kondoo. Ni rahisi zaidi, na kofia nyingi mpya za bei ndogo ni za sufu hiyo, au za nyuzi za kiwandani zilizogandishwa. Tofauti huonekana mvua ikinyesha. Fetri nzuri ya manyoya huacha tone la maji lisimame juu yake kama juu ya jani la muhogo, na ikilowa hukauka na kurudi katika umbo. Ile ya sufu hunywa maji, hulegea, na ikikauka mara nyingi huwa imepungua.

Lakini uzuri huo ulikuwa na bei yake, na watu wa Fizi wana sababu ya kuielewa haraka. Ili manyoya ya sungura yashikamane vizuri, viwanda vya zamani viliyapaka dawa yenye zebaki. Ni zebaki ileile ambayo wachimbaji wadogo hutumia kukamata dhahabu. Mafundi wa kofia walivuta mvuke wake miaka mingi. Mikono yao ilitetemeka, meno yalilegea, akili zilivurugika. Katika mji wa Danbury, Marekani, uliokuwa na viwanda vingi vya kofia, kutetemeka huko kulipewa jina la mji wenyewe. Marekani iliacha kutumia zebaki katika fetri mwishoni mwa mwaka 1941.

Kofia iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kuwa bado na mabaki ya zebaki, na wataalamu wa makumbusho wamekwisha kuyapata katika kofia za zamani. Hii haina maana kwamba kofia ya babu itupwe motoni. Kinyume chake: isichomwe kabisa, maana moshi wake ndio hatari. Itundikwe mahali penye hewa, isichezewe na watoto, na anayeisafisha anawe mikono kabla ya kula.

Majina ya miji yanataja umri

Namna gani mtu wa Baraka anaweza kujua umri wa kofia bila kitabu wala mtaalamu? Dalili bora ziko kwenye ule mkanda wa ngozi wa ndani na kwenye bitana. Huko ndiko mtengenezaji alipiga muhuri wake, na mara nyingi duka lililoiuza lilipiga muhuri wake pia, pamoja na jina la mji.

Kwa Mkongomani, majina ya miji ni kalenda. Kalemie iliitwa Albertville, na Lubumbashi iliitwa Elisabethville, hadi 1966. Bukavu iliitwa Costermansville hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bujumbura, ng'ambo ya Uvira, iliitwa Usumbura wakati wa ukoloni. Kofia yenye muhuri wa duka la Costermansville ina zaidi ya miaka 70. Yenye neno Zaire iliuzwa kati ya 1971 na 1997. Hakuna haja ya kubahatisha.

Namba nayo husema. Kofia za Ulaya hupimwa kwa sentimita, kwa mfano 57 au 58. Za Marekani huandikwa kwa namba na sehemu yake: 7 ni sawa na sentimita 56, na 7 na robo ni 58. Namba ya namna ya pili inaonyesha kofia iliyotoka Marekani au Uingereza, labda kwa njia ya balo la mitumba, si kwa duka la zamani la Kivu.

Kuna dalili nyingine za mkono na jicho. Ngozi ya ndani iliyopasuka na kuwa nyeusi kwa jasho ni ya kweli kuliko ile iliyo safi sana ndani ya kofia inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1940. Utepe wa zamani ulishonwa kwa mkono, kwa mishono midogo isiyo sawasawa. Na jina kubwa la kampuni si ushahidi. Majina yanayopendwa ndiyo yanayoigwa, na lebo ya Borsalino inaweza kushonwa ndani ya kofia yoyote. Anayejua huanza na fetri, kisha mishono, na mwisho lebo.

Sapeur, rais na mchunga ng'ombe

Congo haikupokea kofia hii kimyakimya. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville waliojiita Bills walizitazama filamu za magharibi ya Marekani na kuanza kutembea mitaani na kofia pana na vitambaa shingoni kama wachunga ng'ombe wa sinema. Wakati huohuo, wale walioitwa évolués walivaa suti na kofia ya fetri ili mkoloni aone kwamba hawapungukiwi na kitu.

Kisha Mobutu akaleta siasa ya authenticité. Suti na tai zikakataliwa kuanzia miaka ya 1970, abakosti ikashika nafasi yake, na kofia iliyoonekana kila mahali ikawa ile ya chui kichwani mwa rais. Tai ilirudi mwaka 1990, vyama vingi viliporuhusiwa.

Hapo katikati vijana walikuwa wamekwisha kujibu kwa njia yao. Papa Wemba, aliyeanzisha Viva la Musica mwaka 1977, ndiye aliyeifanya Sape ijulikane dunia nzima: mavazi ya gharama, rangi zilizopangwa, kiatu, fimbo, miwani, na kofia ya kumalizia. Alifariki mwaka 2016 akiwa jukwaani Abidjan. Sapeur hutaja jina la aliyetengeneza nguo yake kama mwingine anavyotaja ukoo. Mkusanyaji wa kofia ana tabia hiyohiyo, ila yeye haangalii kama kofia ni mpya. Anauliza imeishi wapi.

Kwa majirani, kofia imekuwa hata alama ya uongozi. Yoweri Museveni wa Uganda haonekani bila kofia yake yenye ukingo mpana. Salva Kiir wa Sudan Kusini alipewa kofia nyeusi na Rais George W. Bush, na tangu hapo imekuwa kama sehemu ya uso wake.

Katika Fizi kofia haichagui upande. Mzee wa Kibembe pwani huivaa akienda kuzungumza mahari ya binti yake. Mzee Munyamulenge wa milima ya juu huivaa akiwa nyuma ya ng'ombe wake, fimbo mkononi. Katika eneo ambalo jamii zimezikana mara nyingi, wazee wa pande mbili wakiketi kwenye mkutano wa amani, mara nyingi wanaweka mezani, au juu ya magoti, kitu cha aina moja.

Kilichovuka ziwa

Kwa familia nyingi za Fizi, swali la kofia ya mzee si la mitindo. Vita vya 1996 na vile vya 1998 viliwafanya maelfu ya watu kuvuka ziwa kwenda Tanzania, wakaishi kambini Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia 2005, wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Wengine hawajarudi, na wengine wamekimbia tena. Nyumba zilichomwa, na pamoja nazo picha, vyeti vya ubatizo, vitambulisho na barua.

Palipokosekana karatasi, vitu vichache vilivyobaki hufanya kazi ya karatasi. Kofia ni mojawapo, kwa sababu ni nyepesi na mtu hukimbia nayo kichwani. Inabeba umbo la kichwa cha mwenyewe. Inabeba jasho lake kwenye ngozi, herufi za jina lake kama aliziandika, na muhuri wa mji alikofanyia kazi. Mjukuu asiye na picha hata moja ya babu yake anaweza kusoma humo kwamba babu alipita Albertville kabla ya 1966. Hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana mgawanyo wa vitu baada ya matanga unastahili uangalifu. Shamba, nyavu na mtumbwi hujadiliwa siku nzima. Kofia huchukuliwa na aliye karibu na mlango.

Namna ya kuitunza

Kuitunza hakuhitaji pesa nyingi. Kofia isilazwe juu ya ukingo wake; iwekwe kichwa chini, ukingo juu, la sivyo ukingo hupinda. Isishikwe kwa vidole pale mbele ilipofinywa, maana hapo ndipo hupasuka kwanza. Ishikwe kwa ukingo, kwa mikono miwili. Vumbi liondolewe kwa burashi laini, kufuata upande ambao manyoya yamelala.

Sabuni ya unga na maji ya ndoo huiua. Ikiwa imepoteza umbo, mvuke wa birika huilainisha, kisha hukunjwa polepole kwa mkono na kuachwa ikauke kivulini, mbali na moto na jua. Ikilowa mvua, ngozi ya ndani igeuzwe nje na kichwa kijazwe karatasi kavu.

Adui wawili wakubwa kando ya ziwa ni unyevu na nondo. Mfuko wa plastiki uliofungwa huhifadhi unyevu na kuleta ukungu, kwa hiyo karatasi au kitambaa safi ni bora. Naftalini husaidia, ila isigusane na fetri. Na kofia itolewe nje mara kwa mara, maana nondo hupenda giza na kitu kisichoguswa.

Anayetaka kuuza asikatazwe. Maisha ni magumu, na ada ya shule haingoji. Lakini auze akijua. Apige picha ya nje na ya ndani, aandike muhuri unasemaje, namba ngapi, na mzee aliipata wapi kama kuna anayekumbuka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kofia ikiondoka, habari yake ibaki nyumbani.

Na wazee wangali hai. Hakuna muhuri unaoweza kusema mengi kama mwenye kofia mwenyewe akiulizwa jioni, baada ya chakula: Baba, hii shapo uliinunua wapi?